Shajara ya sanduku la huduma ya kwanza nyumbani kwetu Uyole, Mbeya

Jumapili, 9 Februari 2025: kilichonianzisha

Naandika mtoto akiwa amelala. Mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji toka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Ana miaka minne. Asubuhi nilikwenda kanisani na wakubwa wake wawili, baba yao yuko njiani na mzigo wa Tunduma, mdogo akabaki na bibi yake. Kitambaa cha kuepulia kilikuwa kinaning'inia pembeni ya sufuria ya uji. Akakivuta.

Niliporudi niliukuta mkono mweupe pe: dawa ya meno chini, unga wa ngano juu. Mama mkwe wangu alifanya alichofundishwa na mama yake, tena alikifanya haraka na kwa mikono inayotetemeka. Tukadandia bajaji mpaka kituo cha afya. Muuguzi alitumia karibu nusu saa kuloanisha na kubandua ule ukoko kabla hajakiona kidonda chenyewe. Nilikuwa nimemshika mtoto mabega. Kila gozi ilipopita ilitoka na unga uliogandamana, na chini yake malengelenge mawili yakapasuka. Alilia mpaka sauti ikakauka, akabaki anafungua mdomo tu.

Muuguzi hakutugombeza. Alisema: mkiungua, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, kisha funika na kitu kisafi mje. Dawa ya meno, yai, siagi, unga, vyote vinakizuia kidonda kupoa, vinaleta uchafu, na sisi tunapata kazi ya kuvitoa. Maji ya bomba la Uyole ni baridi hata Februari. Bomba liko hatua sita kutoka jikoni kwetu.

Usiku nimefungua droo ya kabati ambayo siku zote naiita ya dawa. Nimekuta plasta mbili zilizokauka, chupa ya spiriti iliyoisha, na nusu karatasi ya vidonge ambavyo hakuna anayejua ni vya nini. Nimeamua kutengeneza sanduku la huduma ya kwanza la kweli. Nimejipangia shilingi 60,000. Nitaandika kila hatua na kila bei, na makosa pia, ili anayetaka kufanya kama mimi asiyarudie.

Jumamosi, 15 Februari: ununuzi wa kwanza

Nilikwenda sokoni Mwanjelwa na orodha ya vitu 19. Kumi na moja kati ya hivyo vilikuwa dawa za kumeza.

Dada wa duka la dawa aliisoma orodha yote, akauliza, "Mama, kwani anaumwa nani?" Nikamwambia hakuna, ni za kuweka. Akaniambia amoksilini haiwekwi nyumbani kusubiri mgonjwa, inatoka kwa cheti cha daktari. Mimi nimekulia Songea, na maduka ya dawa muhimu yalianzia kwetu Ruvuma mwaka 2003, wakati maduka ya dawa baridi yalipoanza kubadilishwa na wauzaji kupewa mafunzo. Nilikumbuka jinsi muuzaji wa enzi zile alivyokuwa anakupa chochote unachokitaja. Huyu alinikatalia na nikamshukuru. Hata hivyo sikumsikiliza kwa yote: nilinunua chupa mbili za dawa ya kikohozi kwa kuwa Mbeya baridi inakuja. Hizo 9,000 naziandika kama hasara, maana kikohozi hakingoji sanduku. Kikija kuna muda wa kwenda dukani. Sanduku ni la dakika zile ambazo duka haliwezi kukusaidia.

Nilivyonunua: plasta boksi moja 5,000, pamba 3,000, spiriti 2,000, iodini 3,000, bendeji mbili za kuvutika 4,000, kipimajoto cha betri 7,000, parasetamoli ya vidonge na ya maji 3,500, na hizo dawa za kikohozi. Jumla 36,500.

Nimefika nyumbani, nimepanga mezani, nikajiuliza swali moja: mtoto akiungua sasa hivi, nachukua nini hapa? Hakuna. Sina gozi hata moja, sina mkasi, sina glavu. Pamba haiwekwi juu ya kidonda kibichi kwa sababu nyuzi zake zinanasa. Spiriti haimwagwi kwenye kidonda kilicho wazi, inachoma nyama badala ya kuisaidia. Nimetumia zaidi ya nusu ya fedha na bado siwezi kufunika kidonda ukubwa wa kiganja. Ukitaka kununua, anza na swali hilo ukiwa bado nyumbani.

Jumapili, 2 Machi: sanduku lenyewe

Kwenye karakana moja ya Sido, kwa mafundi wa viwanda vidogo, fundi bati amenitengenezea sanduku zuri, lina mpini na bawaba, 18,000. Kufuli 3,500, kwa sababu ya watoto. Kopo dogo la rangi nyekundu 4,000. Jumla ya leo 25,500, na tangu nianze 62,000. Bajeti imeshapita.

Kijana wangu wa darasa la sita alichora msalaba mwekundu kwenye kifuniko, akautengeneza kwa rula. Jioni akapita jirani yetu anayejitolea Msalaba Mwekundu, akausifu uchoraji, halafu akatueleza kwa upole kwamba alama ile haipakwi na kila mtu. Inalindwa na Mikataba ya Geneva tangu ule wa kwanza wa 1864. Vitani inamwambia askari: usipige hapa. Ikibandikwa kila mahali, siku moja itakosa maana mahali inapookoa maisha. Alama ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya kijani. Mwanangu alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mengi kuhusu askari, kisha akaupiga msasa msalaba wake mwenyewe bila kuambiwa.

Tumelitundika sanduku jikoni juu ya rafu, maana ajali nyingi za nyumba hii hutokea jikoni.

Jumamosi, 22 Machi: kufuli na mvuke

Wiki tatu zimepita na nimelazimika kubadili karibu kila kitu.

Kwanza kufuli. Jumatano nilikuwa shuleni nafundisha. Kijana alirudi mapema, akaenda kusaidia kupalilia viazi, akajikata kidole gumba cha mguu kwa jembe. Alikimbilia sanduku. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, mkoba ulikuwa ofisini kwa walimu, na ofisi iko kilomita tatu. Mama mkwe alimfunga kwa kipande cha kanga chakavu kilichokuwa kinafutia taa. Niliporudi aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, daktari wako umemfungia ndani."

Nimelala nikilifikiria. Nilinunua vyote hivi nikijiona mimi ndiye nitakayevitumia. Kumbe mwaka huu ajali mbili zimetokea na mimi sikuwepo katika hata moja. Saa nane za mchana nyumba hii ina bibi wa miaka 71, mtoto wa miaka minne, na baadaye wanafunzi wawili. Sanduku ni lao. Kila nitakachoamua kuanzia leo nitakipima kwa mama: je, yeye akiwa peke yake ataweza?

Pili unyevu. Niliposhusha sanduku ili nifunge kidole vizuri, ndani ya kifuniko kulikuwa na matone. Mvuke wa maharage unapanda, unakutana na bati baridi, unageuka maji. Bawaba imeanza kutu. Plasta nilizozinunua mwezi uliopita zimelegea gundi: nilibandika moja, ikateleza na kubaki mkononi mwangu. Pamba imenyonya maji upande mmoja. Parasetamoli imesalimika kwa kuwa imefungwa kwenye karatasi yake, lakini maandishi yake yanasema isizidi nyuzi joto 30, na juu ya jiko lile inazidi.

Nilichofanya: nimenunua kontena la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kifuniko cha kubana kwa vibanio viwili, 12,000. Limehamia korido, kwenye ukuta unaotenganisha jikoni na sebule, usawa wa bega la mama. Mtoto hafiki hata akisimama kwenye stuli, nimemjaribu. Halina kufuli. Nimebandika karatasi ya kijani yenye msalaba mweupe.

Nimeongeza vilivyokosekana: gozi 10 zilizofungwa moja moja 5,000, glavu jozi tano 2,500, mkasi 3,000, kibano 1,500, plasta mpya 5,000. Leo 29,000, jumla 91,000. Spiriti inabaki kwa kazi ya kufuta kibano, mkasi na kipimajoto. Pamba nimeitoa.

Na lile sanduku la bati na kufuli lake? Limepata kazi inayolistahili. Dawa ya ukungu ya viazi tulikuwa tunaiweka stoo kwenye kona, na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Nimeandika sentensi hiyo na moyo umenidunda. Mtoto wa miaka minne akiona chupa ya soda anaona soda. Yote sasa yako ndani ya bati, kufuli limefungwa, ufunguo juu ya linta ya mlango wa stoo, na mafuta ya taa yamehamishiwa kwenye kidumu chake chenye maandishi. Akinywa mtu vitu hivyo hatapishwi wala hanyweshwi maziwa kwa nguvu. Anapelekwa hospitali, na chombo chenye lebo kinakwenda naye.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili: mtihani wa kwanza

Jana shemeji yangu alikuwa anachinja kuku. Kuku alirusha miguu, kisu kikapita kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Damu haikuruka lakini ilikuwa inatiririka bila kukoma. Mtu mmoja akasema majani ya chai, mwingine akasema mafuta ya taa. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ameshafika na kontena kabla sijaita.

Nilivaa glavu. Ya kwanza ikachanika, ya pili ikachanika, kwa sababu nilinunua saizi ndogo bila kuangalia na mikono yangu ilikuwa na maji. Ya tatu ikaingia. Nikaosha kwa maji safi, nikakandamiza kwa gozi mbili na kumwinua mkono juu ya usawa wa moyo. Kanuni ni kukandamiza dakika 10 mfululizo bila kufunua. Nilifunua dakika ya tatu nione kama imekata. Haikuwa imekata, na kile kidogo kilichoanza kuganda nilikiondoa. Nikaanza upya, nikamwambia binti yangu ashike saa na asinisikilize nikitaka kufunua. Dakika ya 10 ilikuwa imetulia. Juu ya gozi zile niliongeza ya tatu, nikafunga bendeji, tukaondoka.

Ameshonwa nyuzi nne na kuchomwa sindano ya pepopunda. Daktari alisema kidonda kilikuwa kisafi. Maneno hayo nilimrudishia binti yangu kama yalivyo, maana nusu yake ni ya kwake.

Marekebisho: glavu sasa nanunua saizi kubwa, inayompwaya mmoja inamwenea mwingine. Hizi ndogo zilizobaki zitakuwa za watoto. Nimerudishia gozi tano, 2,500.

Kanga ya kufungia mkono tuliitafuta tukaikosa, ikabidi mtandio. Kwa hiyo nimenunua kitambaa cha marekani mita moja kwa mita moja, 4,000, fundi cherehani akaikata kwa mshazari na kupinda ukingo kwa 1,000. Zimetoka bendeji mbili za pembe tatu. Zinabeba mkono uliovunjika, zinafunga gango (kijiti cha kushikiza mfupa uliovunjika), zinafunga kichwa. Kwa bei yake hakuna kitu kwenye sanduku kinachofanya kazi nyingi kama hizo.

Nimeweka pia ORS (unga wa chumvichumvi wa kurudisha maji mwilini) pakiti nne 2,000 na vidonge vya zinki 1,500, kwa ajili ya kuhara. Leo 11,000, jumla 102,000. Pakiti moja ya ORS inaingia kwenye lita 1 ya maji safi, si kikombe, si jagi la kukadiria. Nimeosha chupa ya maji ya lita 1 nikaiweka pamoja nazo. Iliyochanganywa ikifika saa 24 inamwagwa. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Chumvi isizidi.

Jumapili, 8 Juni: mama na vifuko vya vitenge

Hii ndiyo hatua niliyojifunza zaidi, nitaiandika kwa kirefu.

Nilimwomba mama tufanye jaribio. Nikamwambia, "Mama, nimeungua mkono, nisaidie." Nikaanza kuhesabu kwa simu. Alikwenda bombani kwanza, akanishika mkono chini ya maji, na nilitaka kulia kwa furaha. Kisha akashusha kontena. Hapo mambo yakakwama. Alitoa kitu kimoja kimoja, akakileta karibu na macho, akakirudisha. Miwani ilikuwa chumbani. Gozi na zinki vyote vina karatasi nyeupe yenye maandishi ya bluu. Alipata gozi baada ya dakika nne na sekunde arobaini, na meza nzima ilikuwa imejaa. Aliketi chini akasema, "Vitu vyako ni vizuri, ila vyote vinafanana."

Nilikuwa nimeandika lebo nzuri kwa kalamu nyeusi. Nilijivunia lebo zile. Kwa mtu asiyeona maandishi, lebo ni uchafu tu juu ya pakiti.

Wazo lilitoka kwake. Ana fuko la vipande vya vitenge vya miaka mingi, na kila kipande anakijua: hiki cha harusi ya fulani, hiki alinunua Tukuyu akiwa na mimba ya baba watoto. Alichagua vitatu mwenyewe. Cha bluu chenye samaki ni cha moto, kwa sababu moto unataka maji. Chekundu ni cha damu. Cha njano chenye mahindi ni cha tumbo na homa. Fundi ameshona vifuko vitatu vya kukaza kwa kamba, 3,000.

Ndani ya bluu: gozi kubwa na roli la nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, 4,500. Nailoni ile ndiyo ninayoisifu kuliko vyote. Kidonda cha moto kikishapozwa dakika 20 unaweka juu yake kipande kimoja bapa, huzungushi kukaza, unamfikisha hospitali. Haigandi kwenye kidonda, muuguzi anaona kila kitu bila kubandua. Nikikumbuka ile nusu saa ya Februari nailaza roli hii mahali pa juu kabisa.

Ndani ya chekundu: glavu, gozi, bendeji, plasta, pembe tatu, mkasi, iodini kwa michubuko midogo. Ndani ya njano: ORS, zinki, kipimajoto, parasetamoli.

Kwenye parasetamoli nimerekebisha kosa la miaka. Tulikuwa tunapima ya maji kwa kijiko cha chai, na nyumbani kwetu kuna vijiko vya chai vya aina tatu. Nimevijaza maji na kuvipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5, nililonunua 500. Kimoja kina mililita 3 na kidogo, kingine karibu 6. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mdogo ana kilo 16, dawa yetu ina miligramu 120 kwa kila mililita 5, kwa hiyo mililita 7.5 zinamtosha: bomba moja na nusu. Kati ya dozi na dozi yasipungue masaa manne, na zisizidi nne kwa siku nzima. Nimechora bomba lenyewe, moja limejaa na lingine nusu, na jua na mwezi kwa ajili ya saa. Kila mtoto ana mchoro wake, na wakiongezeka kilo nitachora upya. Usinakili mililita zangu. Mpime wako, na usome chupa yako, maana dawa nyingine zina nguvu tofauti.

Karatasi ya michoro na ya namba za simu nimezifunika plastiki kwenye duka la vifaa vya kuandikia, 2,500. Namba: 112 ya dharura, 114 ya zimamoto, ya dereva wa bajaji anayelala mtaa wetu, na ya jirani mwenye gari.

Leo 10,500, jumla 112,500. Tumerudia jaribio jioni, taa ya korido ikiwa imezimwa na miwani iko chumbani. Mama aliishika nailoni mkononi kwa sekunde 35.

Jumamosi, 12 Julai: kisichoponywa na sanduku

Wenye kuijua Uyole ya Julai hawahitaji maelezo. Alhamisi usiku baridi ilikuwa ya kukata masikio na umeme ulikatika. Mama alilala na mdogo. Aliingiza jiko la mkaa chumbani likiwa jekundu, bila moshi, akafunga mlango na kuziba dirisha kwa blanketi.

Saa 11 alfajiri nikamsikia akitapika. Nilipoingia alisema kichwa kinapasuka. Mtoto naye alikuwa mlegevu, anasema kichwa. Nilikimbilia kifuko cha njano gizani, nikapapasa, nikatoa parasetamoli, nikampa mama viwili, nikaanza kuvuta ya mtoto kwenye bomba. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya jiko lile lile, mlango umefunguka nusu. Kijana wangu ndiye aliyesimama mlangoni akasema, "Mama, hilo jiko." Hapo ndipo nikaamka. Tukawatoa nje kwenye ubaridi wote, tukawafunika mablanketi, jiko likatolewa, madirisha yakafunguliwa, jirani akatupeleka hospitali. Waliwekewa oksijeni. Wamerudi jana mchana, wote wawili wanakula.

Naandika wazi kwa sababu najua nyumba nyingi kuanzia hapa mpaka Makete na Njombe hufanya hivyo kila kipupwe. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na aliyelala haamki kuikimbia. Watu wawili wa chumba kimoja kuumwa kichwa asubuhi moja, hiyo si homa. Hakuna dawa ya hilo ndani ya kontena langu, na kuwa na kontena kulinifanya nipoteze dakika zile. Mazoea ya kufungua kifuko yalikuja mbele ya kuangalia chumba.

Nimebadilisha: juu ya kifuniko, mahali mkono unapogusa kwanza, nimebandika mchoro wa jicho. Maana yake tumekubaliana wote: kabla ya kufungua, tazama ulipo. Jiko, waya, kioo, mbwa, gari. Mdogo anaupenda ule mchoro, anaugusa kila akibebwa kupita. Jiko linamalizia kuwaka nje na halivuki kizingiti cha chumba cha kulala. Mama amepewa chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi. Mwanzoni alikataa, akasema miaka yote wamelala na jiko. Sikubishana naye. Nilimwambia tu jinsi mkono wa mtoto ulivyokuwa unaning'inia nilipomwinua. Hajalirudisha jiko ndani.

Tochi 6,000 na betri zake 1,500, inaning'inia nje ya kontena kwa kamba. Leo 7,500, jumla 120,000.

Jumapili, 7 Septemba: ukaguzi wa kwanza

Tumemwaga vyote kwenye mkeka, watoto wakasoma tarehe za mwisho wa matumizi, mimi nikaandika. Zinki inaisha Machi mwakani. Parasetamoli ya maji ilifunguliwa, hivyo nimeandika tarehe ya kufunguliwa kwenye kizibo. Betri za tochi tunazitoa na kuzikagua, kwa sababu zikivuja zinaharibu tochi. Plasta zimepungua kuliko nilivyodhani: mdogo huziomba kwa ajili ya vidonda vya mdoli. Nimeziacha sita za kuchezea kwenye kopo lake ili zile nyingine zibaki.

Hesabu kwa anayetaka kuiga: kati ya 120,000, hasara tupu ni 18,000, yaani dawa za kikohozi, rangi nyekundu na plasta zilizoloa. Bati na kufuli, 21,500, ni za kuhifadhia sumu. Sanduku lenyewe limesimama kwenye 80,500, na ukishonea vifuko nyumbani na kutumia kanga badala ya marekani linapungua zaidi. Ukiwa na 20,000 tu mwezi huu, nunua gozi, bendeji mbili, glavu, ORS na nailoni. Kipimajoto kinaweza kungoja.

Mkono wa mdogo umebaki na alama ya waridi yenye umbo la jani, haimzuii chochote. Mama ndiye mkaguzi sasa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anashusha kontena, anafungua vifuko, anahesabu gozi kwa kuzigusa, na kama zimepungua ananitajia idadi. Leo alitaja tatu. Jirani wa nyumba ya pili, aliyekuja Julai kutupeleka hospitali, alimkuta katikati ya kazi hiyo na mama akamweleza kifuko kimoja baada ya kingine mpaka chai ikapoa. "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akasema yule jirani alipokuwa anaondoka, na kipande cha kitenge cha bluu mkononi.

Kilichobaki ni kifuko kidogo cha shambani, kwa ajili ya majembe na nyuki. Mama ameshachagua kitambaa, cha kijani. Nitaongeza hapa kikikamilika.